Pua inayochuruzika kila asubuhi: maji ya chumvi, habasoda, asali na vidonge vya mtandaoni

Swali

Shikamoo daktari. Nina miaka 41, naishi pembezoni mwa mji wa Arusha. Kwa zaidi ya mwaka sasa, kila nikiamka napiga chafya mfululizo, makamasi mepesi kama maji yanachuruzika, macho na kaakaa vinawasha, na usiku pua inaziba upande huu, mara upande ule. Setirizini inanisaidia lakini inanilaza. Nameza pia amlodipini kwa ajili ya presha. Wapo wanaonishauri asali mbichi ya nyuki wadogo, wengine habasoda, wengine chai ya kamomaili, na kuna duka la mtandaoni linauza vidonge vya kwesetini na vitamini C kwa bei ya kutisha. Ningependa tiba ya asili. Kipi kinafanya kazi kweli? Mwanangu wa miaka 4 naye ameanza kuwashwa pua.

Jibu

Marahaba, dada yangu. Dalili ulizozitaja ni za mafua ya mzio, ambayo wengi huyaita aleji ya pua. Mafua ya virusi huja na uchovu, pengine na homa, na kwa kawaida huondoka ndani ya siku 7 hadi 10. Yako yamedumu mwaka, na yana kile kitu ambacho mafua ya kawaida huwa hayana: kuwashwa. Kuzidi kwa dalili zako unapoamka kunanifanya nishuku godoro na mto kabla ya kushuku miti ya barabarani.

Elewa kwanza kinachotendeka puani, kwa sababu ndicho kipimo cha kila dawa utakayoshauriwa. Mwili wako umetengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya kitu kisicho na madhara, mathalani kinyesi cha utitiri wa vumbi au chavua ya nyasi. Kingamwili hizo hujipachika juu ya seli za masti zilizomo kwenye utando wa pua. Kile kitu kikigusa utando, seli hizo humwaga histamini ndani ya dakika chache, na hapo ndipo chafya, mwasho na maji ya pua huanza. Saa kadhaa baadaye seli nyingine za kinga hufika, utando huvimba, na pua huziba. Setirizini huzuia histamini peke yake. Ndiyo maana inakata chafya vizuri, lakini pua iliyoziba haiifungui sana. Kuziba upande mmoja kisha mwingine kusikutie hofu: pua za watu wengi hupokezana hivyo, na upande unaoulalia huvimba zaidi. Mwenye mzio huliona tu kwa sababu uvimbe wake ni mkubwa.

Sasa nikujibu moja kwa moja. Tiba ya asili iliyo na ushahidi wa maana na hatari ndogo kwa aleji ya pua si ya kumeza. Ni kuosha pua kwa maji ya chumvi, ikiambatana na kukiondoa kichokozi chumbani. Vya kumeza vinafuata mbali nyuma, na vingi havistahili bei yake. Kwa hiyo maji ya chumvi nitayaeleza kwa kirefu.

Kuosha pua

Maji ya chumvi huondoa chavua, vumbi na kamasi iliyobeba histamini kabla havijaendelea kuuchokoza utando. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio ya watu wazima na watoto wenye aleji ya pua, na yakaona dalili zinapungua kwa muda wa hadi miezi 3, ingawa ubora wa ushahidi wenyewe ulikuwa wa chini. Madhara makubwa hayakuonekana. Kwa kitu kinachotengenezwa jikoni, hayo ni matokeo mazuri.

Vipimo ni hivi. Chukua lita 1 ya maji, gramu 9 za chumvi laini, na nusu kijiko cha chai cha baikaboneti ya soda, ile inayowekwa kwenye keki. Gramu 9 ni sawa na kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa juu kwa kisu. Tatizo ni kwamba vijiko vyetu vya nyumbani vinatofautiana sana ukubwa, kwa hiyo tumia kile kijiko cha plastiki cha mililita 5 kinachokuja na dawa ya maji ya watoto. Usitumie magadi badala ya baikaboneti, kwani ni makali na yataunguza utando. Hamira ya unga ya kuumulia keki nayo haifai, kwa kuwa ina asidi na wanga ndani yake.

Kuhusu chumvi: ile ya pakiti yenye madini joto pamoja na kemikali za kuizuia isigande huwasha pua za baadhi ya watu. Ikikuwasha, tafuta chumvi ya mawe isiyoongezwa kitu. Itwange iwe laini kabla ya kupima, maana kijiko cha chumvi ya mabonge hubeba chumvi pungufu. Iyeyushe, ichuje kwa kitambaa safi, ndipo uchemshe.

Kuchemsha hakuna mjadala. Maji yachemke yakitoa mapovu makubwa kwa dakika 1 kamili, na kwa anayeishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3. Kisha yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Maji ya bomba ambayo yakinywewa hayakudhuru yanaweza kuwa na ameba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye tumboni hufa lakini akipitia puani hupanda hadi kwenye ubongo. Mwaka 2011 watu wawili walifariki katika jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Ni tukio adimu sana, na dakika moja ya kuchemsha inalimaliza. Chujio la kawaida la maji ya kunywa halitoshi.

Kifaa: bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano yake, kutoka duka la dawa, au chupa laini ya kubinya. Maji yawe vuguvugu kama mwili. Inama juu ya sinki au beseni, uso ukitazama chini, kisha geuza kichwa kidogo upande ili tundu moja liwe juu ya jingine. Pumua kwa mdomo na useme "aaa" mfululizo, sauti hiyo hufunga njia ya nyuma ya koo. Elekeza ncha ya bomba kuelekea nyuma ya kichwa, usiielekeze juu machoni, kisha sukuma polepole. Maji yataingia tundu la juu na kutokea la chini. Tumia mililita 100 hadi 120 kila upande. Ukimaliza, inama tena, geuza kichwa kulia na kushoto ili yaliyobaki yatoke, halafu penga taratibu bila kubana matundu yote mawili. Ukipenga kwa nguvu, maji husukumwa kuelekea masikioni na sikio litauma.

Makosa mengine yanajulikana kwa dalili zake. Ukisikia mchomo wa kama kuzama mtoni, chumvi ni kidogo. Ukisikia ukali na pua ikakauka, chumvi imezidi. Ukisukuma na maji yakagoma, pua imeziba kabisa: usilazimishe, subiri au anza na matone machache ya maji hayohayo. Ukiosha na kwenda kulala hapohapo, maji yaliyobakia yatashuka kooni usiku kucha na utakohoa, kwa hiyo osha angalau saa moja kabla ya kulala. Maji yaliyochanganywa yatumike ndani ya saa 24. Bomba lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe kwa maji yaliyochemshwa na kuachwa likauke wazi, na libadilishwe mara kwa mara.

Fanya mara moja jioni kila siku, na asubuhi pia siku zile mbaya. Wanaotia udhu hupandisha maji puani mara kadhaa kwa siku, jambo linalosafisha sehemu ya mbele ya pua, lakini maji matupu yasiyo na chumvi hayawezi kufanya kazi ya kuosha kwa kina bila kuumiza. Mwenye damu ya pua ya mara kwa mara, au aliyefanyiwa upasuaji wa pua au sikio hivi karibuni, amwone daktari kwanza.

Chumbani na uani

Utitiri wa vumbi hauonekani kwa macho. Unakula magamba ya ngozi yetu na kunywa unyevu wa hewa, na hauishi vizuri unyevu ukishuka chini ya asilimia 50. Mzio hasa unatokana na kinyesi chake, na hilo ndilo watu hulisahau: jua kali linaua wadudu lakini halikiondoi kinyesi. Kuanika godoro ni vizuri, ila lazima ulikung'ute nje, na mtu mwenye aleji asiwe ndiye anayekung'uta.

Kama unalalia mto wa sufi, anza na huo. Sufi hukaa miaka bila kufuliwa, na kila unapougeuza unajipulizia vumbi usoni. Tafuta mto unaofulika, uvishe foronya nzito yenye zipu. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi. Kwa anayefua kwa mkono, sehemu 2 za maji yanayochemka kwa sehemu 1 ya maji baridi zinatosha, loweka dakika 15 hadi 20 kabla ya kusugua. Toa zulia chumbani. Futa sakafu na samani kwa kitambaa chenye unyevu, kwani ufagio mkavu unaliinua vumbi tu na kulirudisha kitandani. Vikaragosi vya manyoya vya mtoto vitiwe kwenye mfuko na kulazwa kwenye friza siku nzima, kisha vifuliwe.

Moshi ni jambo la pili. Udi, ubani, dawa ya mbu ya kuwasha na mkaa si vizio kwa maana ya IgE, bali huchubua utando ambao tayari umevimba, na hapo histamini kidogo tu huleta chafya nyingi. Najua udi una heshima yake katika nyumba nyingi. Chomeni sebuleni madirisha yakiwa wazi, chumba cha kulala kibaki bila moshi.

Uani, jirani zako pengine wanailaumu mijakaranda inayochanua kuanzia Oktoba. Chavua yake ni nzito na yenye kunata, inabebwa na wadudu, haipeperuki mbali. Nyasi ndizo zinazomwaga chavua hewani, na huchanua mvua zinapoanza, wakati uleule macho ya watu yakiwa kwenye maua ya zambarau. Arusha ina tatizo jingine la pekee: gugu karoti, Parthenium hysterophorus, lenye majani kama ya karoti na vichwa vidogo vyeupe, linalojaa pembezoni mwa barabara na kwenye viwanja vilivyoachwa. Chavua yake huleta mafua ya mzio na pumu, na kuligusa huleta upele mbaya wa ngozi. Kama lipo karibu na nyumba, ling'olewe na mizizi kabla halijachanua, na mtu asiye na aleji aliyevaa glavu, mikono mirefu na barakoa. Wewe usilikaribie. Asubuhi za upepo, mafuta mazito ya mgando yakipakwa kwa wembamba kuzunguka matundu ya pua hunasa sehemu ya chavua kabla haijaingia. Miwani nayo husaidia macho.

Vya kula na kumeza

Asali. Hoja inayotolewa ni kwamba asali mbichi ya eneo lako ina chavua ya eneo lako, hivyo mwili utaizoea. Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba nyuki hukusanya chavua ya maua, ilhali chavua inayokutesa ni ya nyasi na magugu yanayotumia upepo. Jaribio lililofanyika katika jimbo la Connecticut, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002 lililinganisha asali ya hapohapo, asali ya kiwandani na sharubati ya mahindi iliyotiwa ladha ya asali, na halikuona tofauti. Jaribio moja la Malaysia liliona nafuu, lakini washiriki walikula gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kila siku, pamoja na loratadini. Kwa mtu wa kilo 70 hizo ni gramu 70 za asali kwa siku, sehemu kubwa yake ikiwa sukari, na siwezi kukushauri hivyo. Asali ya nyuki wadogo ni chakula kizuri, na kijiko kimoja usiku hutuliza koo linalokereketwa. Ifurahie kwa hilo. Kamwe asipewe mtoto wa chini ya mwaka 1, kwa hatari ya sumu ya botulini. Chavua ya nyuki inayouzwa kwenye makopo ni jambo jingine: wenye aleji ya chavua wamewahi kupata mzio mkali wa mwili mzima kwa kijiko kimoja. Iache.

Habasoda. Hii ndiyo ambayo, kati ya zote ulizotaja, ningeipa nafasi ya kujaribiwa. Watu wa Pwani wanaithamini kwa sababu za dini na za mazoea, na yapo majaribio madogo, ya Ujerumani, Uturuki na Iran miongoni mwa mengine, yaliyoonyesha kupungua kwa chafya, mwasho na kuziba. Ni madogo na ya muda mfupi, kwa hiyo uhakika ni mdogo, ila mwelekeo unatia moyo. Kiasi kilichotumika katika mojawapo kinakaribia gramu 2 za mbegu kwa siku. Saga mbegu kidogokidogo, kwani zikikaa zimesagwa mafuta yake huharibika, kisha kula nusu kijiko cha chai asubuhi baada ya chakula, na kama tumbo limekubali baada ya wiki, nusu nyingine jioni. Mafuta ya chupa ni ya kuangaliwa, kwa kuwa huchanganywa na mafuta ya bei rahisi. Mbegu nzima ni vigumu kuzighushi.

Kwako kuna tahadhari: habasoda hushusha presha kidogo, na sukari pia. Ukiongeza juu ya amlodipini unaweza kupata kizunguzungu unaposimama. Pima presha kabla ya kuanza na mara mbili kwa wiki kwa wiki za mwanzo, na mweleze anayekutibu. Isitumike kama dawa wakati wa ujauzito, na isimamishwe wiki 2 kabla ya upasuaji. Wala usidondoshe mafuta yake puani, hata ukiambiwa ndiyo njia ya haraka. Mafuta yakishuka mapafuni hayatoki kwa urahisi na huleta nimonia ya aina yake.

Tangawizi nayo ina jaribio moja zuri la Thailand, lililochapishwa mwaka 2020, ambapo miligramu 500 za kimiminika kilichokamuliwa na kukaushwa zilipunguza dalili sawa na loratadini kwa wiki 6. Kikombe cha chai ya tangawizi si kitu hichohicho, lakini hakina ubaya.

Kwesetini hupatikana kwenye vitunguu vyekundu na tofaa. Katika maabara inazituliza seli za masti vizuri kabisa, na tangazo la duka limekomea hapo. Tatizo ni kwamba ukiimeza, sehemu ndogo sana hufika kwenye damu, na majaribio kwa binadamu wenye aleji ni machache mno. Inaweza pia kuingiliana na warfarini na siklosporini. Vitamini C huvunjavunja histamini kwa kiasi fulani, lakini vidonge havijaonyesha nafuu ya kutegemewa kwenye aleji ya pua, na ukivuka gramu 2 kwa siku utaharisha, na wenye historia ya mawe ya figo hujiongezea mawe. Pera moja au kikombe cha ubuyu vinakupa vitamini C ya kutosha siku hiyo. Usinunue.

Kamomaili ningekukataza. Ipo katika familia moja na gugu karoti na pakanga, na mwenye mzio wa mmoja wa ukoo huo anaweza kushambuliwa na mwingine. Ekinesia, iliyomo kwenye vidonge vingi vya "kuongeza kinga", ni ya ukoo huohuo. Ukiona kaakaa linawasha zaidi au midomo inavimba baada ya chai hiyo, umepata jibu.

Kama una ndugu Ulaya anayejitolea kukutumia vidonge vya petasitesi, mshukuru na umkatalie. Jaribio lililochapishwa mwaka 2002 liliona mmea huo unakaribia nguvu ya setirizini, lakini mmea wenyewe ukiwa ghafi una alkaloidi, kemikali zinazoharibu ini, na Uingereza iliviondoa sokoni mwaka 2012. Likorisi, mzizi mtamu unaochanganywa kwenye chai nyingi za kifua, hupandisha presha. Soma kibandiko kabla ya kunywa.

Kujifukiza: mvuke hulainisha kamasi na kuleta faraja ya nusu saa. Haubadilishi mzio. Mkaratusi na mentholi hukufanya uhisi hewa inapita, ilhali uvimbe ni uleule, na harufu kali inaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Blanketi, sufuria ya moto na mtoto wa miaka 4 visikutane kabisa, kwani ajali za kuungua kwa namna hiyo ni nyingi na mbaya.

Onyo hili nalitilia uzito kuliko yote. Ukipewa unga au kidonge cha "asili" kisicho na orodha ya viambato, na kikakumaliza aleji ndani ya siku mbili, usishangilie. Nguvu ya namna hiyo mara nyingi ni ya steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni, au ya klofeniramini, iliyochanganywa kwa siri. Dalili za steroidi iliyofichwa ni hamu kubwa ya kula, uso kujaa, presha na sukari kupanda, na mzio kurudi kwa kishindo ukiacha. Aliyetumia kitu cha hivyo kwa wiki kadhaa asikiache ghafla, aende hospitali nacho kikiwa kwenye kifungashio chake. Tanzania dawa za asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba namba ya usajili kabla ya kutoa pesa.

Jinsi ya kujua kama kitu kinakusaidia

Aleji hupanda na kushuka yenyewe, na mvua ikinyesha siku tatu chavua husafishika hewani, kisha kijiko ulichokula jana yake kinapata sifa. Katika majaribio mengi hata waliopewa kidonge kitupu hupata nafuu. Kwa hiyo andika. Kila usiku jipe alama 0 hadi 3 kwa chafya, makamasi, kuziba na kuwashwa, jumla isizidi 12. Wiki ya kwanza usibadilishe chochote. Wiki ya 2 hadi ya 5 fanya maji ya chumvi na usafi wa chumba tu. Ndipo, kama bado unataka, ongeza habasoda peke yake kwa wiki 4. Kikiingia kitu kimoja kwa wakati utajua nani amefanya kazi. Jumla isiposhuka kwa angalau theluthi moja, acha.

Na kama baada ya maji ya chumvi bado hulali vizuri, usione aibu kutumia dawa ya hospitali. Setirizini unaweza kuimeza usiku badala ya asubuhi, au kubadilisha kwa loratadini miligramu 10, ama feksofenadini miligramu 120, ambayo hailazi sana. Feksofenadini imezwe kwa maji, kwa sababu sharubati ya machungwa huizuia isifyonzwe. Kwa pua inayoziba kila usiku, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, mfano beklometasoni au flutikasoni, inazipita zote, za asili na za vidonge. Inafanya kazi puani penyewe na kiasi kinachoingia mwilini ni kidogo, tofauti kabisa na ile steroidi ya siri niliyoitaja. Puliza kila siku, mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa la kulia, ncha ikielekea nje kwenye upande wa sikio, baada ya kuosha pua kwa maji ya chumvi na kusubiri dakika 10 hivi. Ukielekeza katikati, utatoka damu. Nguvu yake kamili huja baada ya wiki 1 hadi 2, na wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai. Epuka vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini kwa sababu ya presha yako, na matone ya kuzibua pua kama zailometazolini yasizidi siku 5, la sivyo pua itaziba zaidi kwa ajili ya dawa yenyewe.

Ukienda kupimwa mzio kwa kuchomwa ngozi, acha setirizini siku 7 kabla, vinginevyo kipimo kitaonyesha huna mzio wowote.

Mwanao wa miaka 4 anaweza kutumia maji yaleyale ya chumvi, matone au mpulizo mdogo kila tundu, akiwa amekaa na ameinama, bila kushikwa kwa nguvu. Akikubali, ongeza taratibu hadi mililita 10 kila upande. Asipewe habasoda kwa kiasi cha dawa, wala kupakwa mentholi au kafuri puani. Msikilize usiku: akikohoa, akitoa mluzi kifuani au akichoka haraka akicheza, apimwe pumu, kwani magonjwa haya mawili huandamana. Kama ni tundu moja tu linalotoa uchafu mzito wenye harufu mbaya, hiyo si aleji. Mara nyingi ni punje ya mahindi, shanga au kipande cha sponji alichojitia. Usijaribu kukitoa kwa kibanio wala kukisukuma kwa maji, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na yeyote kati yenu akivimba midomo au ulimi, akatokwa na vipele mwili mzima huku pumzi ikibana, muda wa habasoda na setirizini umepita: anahitaji sindano ya adrenalini, kwa hiyo akimbizwe kituo cha afya kilicho karibu zaidi, akiwa amelazwa na miguu imeinuliwa, au ameketishwa kama kulala kunambana pumzi.